Mama Vigae

Kikombe kilimponyoka Batuli mbele ya wanawake waliokuja kusoma maulidi, kikapasuka sakafuni. Bi Salama, mavyaa wake, alicheka hata kanga ikamdondoka begani.

“Mama Vigae huyo! Juzi bakuli, leo kikombe. Njoo, Mkono Tepetepe wangu, nione kama hukujikata.”

Akaushika mkono wa Batuli, akaupuliza kidole kwa kidole kama wa mtoto mchanga.

Shemsa, mke wa mwana mkubwa wa Bi Salama, aliinama akaokota vigae. Tangu aingie nyumba ile hakupata kuvunja hata kisahani, wala hakupata kupewa jina la utani. Mkono wake, mavyaa hakuushika tena tangu siku ya kumpokea. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alimwomba Mola amwondolee, lakini wivu haukuondoka.

“Shemsa!” aliita Bi Salama, akimnyoshea mrashi wa kioo aliourithi kwa mamaye. “Wanyunyizie wageni marashi. Wewe sina hofu nawe.”

“Labeka, mama.”

Kaswida ilipanda, naye akapita akinyunyiza viganja vilivyokunjuliwa mbele yake. Alipofika kwa Bi Salama, aliona kiganja kimoja tu kimekunjuliwa. Mkono wa pili ungali umeushika ule wa Batuli.

Vidole vya Shemsa, vilivyolowa marashi, vikaanza kulegea shingoni mwa mrashi, kimoja baada ya kimoja, naye akimtazama mavyaa wake usoni.