Zamu ya Kaniki Mtoni

Sogeeni mkekani, wajukuu zangu, na anayetafuna anyamaze, maana hii haitaki kelele.

Mbuzi weusi na weupe walikunywa katika mto mmoja. Desturi yao ilikuwa mweusi mmoja atangulie majini peke yake. Mamba akishamkamata na kwenda zake, wengine walishuka wakanywa.

Siku moja zamu ikamwangukia Kaniki, mbuzi mdogo mweusi. Rafiki yake Tui, mweupe, akawaita vijana wenzao wote.

“Tunashuka naye.”

“Una wazimu, mjukuu wangu?” akafoka beberu mzee mweupe. “Sisi weupe hatujaliwa na mamba hata siku moja.”

“Ndiyo maana nashuka, babu,” akasema Tui.

Wakaingia wamebanana ubavu kwa ubavu. Mamba akaibuka karibu kabisa.

“Zamu ya nani leo?”

“Yetu sote,” akajibu Kaniki.

Mamba akazunguka, akingoja mmoja ajitenge. Hakujitenga hata mmoja. Akazama na njaa yake.

Mto wakaurithi watoto wa Kaniki na wa Tui pamoja. Watoto wa mamba walirithi lile swali, na wangali wanaliuliza.