Salamu za Asubuhi

Vidonge vilivyokuwa vikimpunguzia Rukia uvimbe wa saratani ndivyo vilivyompandisha presha.

"Kesho ikipita tena mia na arobaini, itabidi tuvisimamishe," muuguzi alimwambia jana. "Kaa kimya dakika tano, ndipo upime."

Lakini nyumba yake ilitazamana na njia ya sokoni, na Rukia hajawahi kuacha salamu ya mtu ipite bila jibu. Kila asubuhi alijipima huku akiitikia habari za watoto na hata za mbuzi.

Leo alifunga mkanda wa kipimo mkononi, akasubiri.

"Bi Rukia, umeamkaje?" mtu akaita kutoka njiani.

Rukia akafumbua mdomo.

"Kaamka salama, watoto salama, mbuzi salama! Pita, baba, mwenzio anapima presha!"

Alikuwa Mama Chausiku, jirani muuza vitumbua aliyesikia agizo la muuguzi, ambaye kicheko chake husikika mtaa mzima. Alikuwa ameketi kizingitini, mgongo wake umeziba mlango.

"Na vitumbua vyako jikoni?" yule mtu akanong'ona.

"Viungue. Leo nauza kimya."

Mkanda ukajaa, ukabana, ukalegea. Mia na thelathini na mbili. Rukia aliisoma namba mara mbili, kisha akameza kidonge chake.

Alitaka kumwita jirani yake amshukuru. Mama Chausiku alikuwa bado ameweka kidole mdomoni, akiwapungia wapita njia mmoja mmoja, na harufu ya vitumbua vinavyoungua ikaingia ndani taratibu. Rukia akakaa kimya kidogo zaidi.