Ngiri na Mashimo Yaliyoota Yenyewe

Ngiri alichoka kuombana na wenzake, akahamia porini na familia yake aishi kwa kujitegemea. Hakujenga wala hakuomba. Alikuta shimo kilimani, akaingia kinyumenyume, kama ilivyo desturi ya ukoo wao.

"Umeona, mama watoto? Huku hatumhitaji mtu."

Kero ilikuwa moja: jirani yake Mhanga, yule mnyama mla mchwa, aliyefukua ardhi kutwa nzima.

"We bwana, utatulia lini? Tumefuata utulivu huku!"

"Basi, jirani, nahama," alisema Mhanga, akajipangusa udongo puani, akaenda zake.

Mvua ya kwanza ikaliporomosha shimo. Ngiri hakushtuka, alikwenda kutafuta jingine. Alikizunguka kilima mara tatu, watoto wakimfuata huku wanatetemeka. Ya zamani mvua ilikuwa imeyafukia, na jipya hakuona hata moja.

"Sielewi," alisema. "Tulipohamia huku yalikuwa yanaota kila mahali."

"Baba watoto, yule uliyemfukuza alikuwa anafukua nini?"

Ngiri alifikiri sana. "Alikuwa anapiga kelele tu."

Kisha akaupa mgongo ukingo wa udongo mgumu, akarudi kinyumenyume, akagonga makalio, akasubiri ufunguke.