Mguu wa Mbele

Makocha wawili walikuwa wanabishania miguu ya Nashipae kama watu wa mnadani wanaobishania mbuzi, naye amesimama pale pale, fimbo ya besiboli begani.

"Uzito ubaki mguu wa nyuma," alisema kocha wa shule. "Nguvu inatoka huko."

"Hapana, mwalimu. Akipiga, mwili wote uhamie mbele." Huyu alitoka mkoani, amekuja Akheri kuchagua timu.

Hakuna aliyemuuliza mwenyewe kwa nini anaukwepa mguu wa mbele. Goti lake lilikuwa limevimba tangu wiki iliyopita, amelificha ndani ya soksi ndefu. Angesema, angeachwa.

Mpira ulipokuja, alihamia mbele mzima mzima.

Ukapaa, ukavuka migomba, ukapotelea kwenye kahawa.

"Umeona?" kocha wa mkoa alimgeukia mwenzake. "Si nilikwambia?"

"Kile ni kiuno, si mguu."

Wakaendelea hivyo, macho yao kule kwenye kahawa. Nyuma yao Nashipae alikuwa ameegemea fimbo kama bibi kizee, goti limetazama upande ambao goti halitazami.

"Kimbia basi," mmoja alisema, bila kugeuka.