Mzigo wa Flaviana

Habimana alilitundika begi la Flaviana kwenye mizani ya ndoano, akasoma, akaguna, akaanza kulipekua. Taulo kubwa likatoka. Mto ukatoka. Viatu vya pili vikatoka. Alipotoa hata kitana, Flaviana alihisi machozi ya hasira yanamlenga.

Walikuwa waendesha baiskeli watano wa klabu moja ya Gikondo, jijini Kigali, na kesho yake walikuwa wanapanda vilima vya Byumba. Ilikuwa safari ya majaribio. Ambaye angeliangusha kundi hapo, Habimana, kiongozi wao, alisema, asahau safari ya siku tisa kando ya Ziwa Kivu. Na Flaviana aliitaka Kivu kuliko hata likizo ya kwenda kwao Morogoro.

Ili mizigo iwe myepesi, kanuni ilikuwa moja: kila kitu cha kundi kinabebwa na mtu mmoja tu. Habimana akagawa. Huyu pampu na viraka, yule mahema, Kanyange maji na dawa.

"Fraviana, wewe karamu," akasema, na wengine wakapiga makofi.

Kalamu! Miaka miwili ya Kigali ilikuwa imemfundisha Flaviana kuzirudisha l za Habimana bila hata kufikiri. Mtu anayekwambia "tutarara Byumba" hahitaji kamusi. Lakini yeye, anayewaacha wote kwenye vilima, apewe mzigo wa mtoto wa chekechea, halafu apigiwe makofi? Kanyange akamuuliza kwa sauti ya chini kama ataweza peke yake. Akamjibu kwa mkato kwamba ataweza.

Asubuhi alichukua mbili, ya bluu na nyekundu, na daftari juu yake, kwa ukaidi tu. Huenda kulikuwa na kilomita za kuandika. Habimana aliutazama mfuko wake mdogo, akauzunguka, akauliza amewezaje kupanga vizuri namna ile, akawaambia wengine wajifunze kwake. Hata dhihaka ina mipaka yake.

Njiani ilikuwa marufuku kutia kitu mdomoni. Mwenye njaa hana miiko, wanasema, lakini Habimana alikuwa nayo tele: mtu mzima hali barabarani huku watu wanamtazama. Mandazi yakapitwa, ndizi zikapitwa. Flaviana alikanyaga pedali kwa hasira na njaa, akafika kilima cha mwisho robo saa kabla ya mwanamume yeyote. Sasa waseme.

Wengine wakafika. Walikuwa hoi, midomo imewakauka, na duka la mwisho walikuwa wameliacha mwendo wa saa nzima nyuma. Kanyange akatandika kitenge kwenye nyasi chini ya mikaratusi, akawanawisha mikono mmoja mmoja, wakaketi kwa duara. Habimana akavua kofia. Wakainamisha vichwa.

"Mungu, tunakushukuru kwa safari," akaomba. "Bariki mikono ya Fraviana, yenye imeandaa hii karamu."

Wakaitikia amina, wakafumbua macho, wakamgeukia Flaviana.