Kiti Alichotengewa Mama

Fumbo la mazoezi lilitaka wageni saba wagawanywe kwenye meza mbili. Mwalimu akikaa meza ya kwanza, daktari hakai hapo.

"Mwalimu hayupo meza ya kwanza, basi daktari yupo," alisema Corinne, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria.

Kaka yake alicheka. "Nani kakwambia? Mwalimu asipokuwepo, daktari anaweza kuja hapo, anaweza asije. Umenasa tena mtego uleule, wakili wee!"

Penseli ya Corinne ilisita. Jikoni, bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani alishaanza kunukia. Mama yao hakanyagi penye baba yao, ndiyo maana jana Corinne alimpigia baba simu, akamwomba mwaka huu asije.

Alikitazama kiti alichomtengea mama, chenye mto wa kuegemeza mgongo.

"Kaka, mama alisema anakuja?"

"Kwani wewe hukumuuliza?"