Rekodi Zimegoma

Feni ya kompyuta kuukuu ilikoroma kama mtu mwenye mafua, na fundi alijua haitaimaliza wiki. Alikuwa ameiweka mpya kando yake mezani, zimeunganishwa kwa waya mmoja.

"Shemeji, usinipotezee nyimbo zangu," mume wa dada yake alisema kutoka kitini. "Ukizipoteza, dada yako nakurudishia leo leo."

"Umrudishe wapi? Sisi tulishafunga mlango, ufunguo tukautupa."

Mume alikawia kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizi. "Basi nimekwama naye."

Mkewe, aliyekuwa akimnyooshea blanketi magotini, akamfinya bega.

Mafaili yalihama moja baada ya jingine. Picha za harusi zikaenda. Mitihani aliyokuwa akiitunga mume enzi za ualimu wake ikaenda. Fundi akarudisha hata mipangilio: herufi kubwa, rangi ya kijivu isiyochosha, picha ya watoto nyuma ya skrini.

"Mshale unakimbia mno," mume alisema. "Macho yangu si ya kijana."

Fundi akaupunguza mwendo. Kisha akaona kitu kwenye skrini, akakuna kichwa, akachukua kikombe chake kitupu na kwenda jikoni. Dada yake akamfuata.

"Zile rekodi za sauti ya shemeji zimegoma," fundi alinong'ona.

"Zimegoma vipi?"

"Programu inayozisoma ni ya zamani. Walioitengeneza walishafunga ofisi. Kompyuta mpya haiipokei. Nimejaribu kila njia, dada."

"Basi tubaki na ile ile."

"Bodi yake imeungua. Nimeichomelea mara mbili, haishiki tena. Juzi ilipojizima si uliona mwenyewe?"

Aliona. Alikuwa ametoka kidogo tu kwenda dukani. Aliporudi alimkuta mumewe ameteleza kitini, mashavu yamelowa machozi, na jirani wa ukuta wa pili hakuwa amesikia lolote.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nianzie wapi?"

Dada yake akaufungua mfereji, akaufunga, bila kuosha chochote. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akarudi sebuleni.

"Mnanong'ona nini huko?" mume akauliza. "Kama mnagawana urithi, mimi bado nipo."

Fundi akaja nyuma ya dada yake, akaketi tena mezani.

"Tunataka kuizima ya zamani, shemeji," fundi akasema.

"Izimeni. Imenichosha kwa makelele."

"Subiri," mke akasema. Akapiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono ya mumewe yote miwili. "Niite kwanza."

"Nikuite? Si upo hapa?"

"Niite tu, baba watoto. Lile jina unaloniita tangu zamani. Mara moja."

Macho ya mume yakahamia kwenye skrini. Feni ilikuwa ikikwaruza.

"Wewe nawe una mambo," mume akasema. "Miaka yote hii nakuita, leo ndio—"

Feni ikakwama. Skrini ya kompyuta kuukuu ikawa nyeusi, na mume akanyamaza katikati ya maneno. Fundi akakibonyeza kitufe, akakibonyeza tena, akakishikilia mpaka kidole kikawa cheupe. Wapi.

Mke hakugeuka. Alikuwa akiitazama midomo ya mumewe. Haikuwa imetikisika, wala haikuwa imetikisika hata mara moja tangu ugonjwa ulipoukaza mwili wake mzima.

Fundi akaisogeza kompyuta mpya mbele ya kiti. Macho ya mume yakaanza kutembea juu ya herufi za skrini, moja baada ya nyingine, taratibu.

"Mke wangu," ikatoka kwenye spika sauti nyembamba ya mwanamume ambaye hakuna aliyepata kumsikia ndani ya nyumba ile, "mbona unalia?"